Johann Ludwig Krapf: Kutoka Ukristo wa Kurithi hadi Imani ya Moyo

Miongoni mwa Wakristo wa Kilutheri waliotangulia kuiona pwani ya Kilwa na Lindi, Mchungaji Dkt. Johann Ludwig Krapf ana nafasi ya pekee. Hakufungua usharika hata mmoja katika pwani hii, wala hakubatiza mtu kati ya Kilwa na Mikindani. Alipita tu, akasikiliza, akaandika, akaenda zake. Hata hivyo maisha yake yanastahili kukumbukwa katika kitabu cha miaka mia moja ya usharika, kwa kuwa swali lililomwandama tangu utotoni ndilo swali la kila usharika uliokwisha kukomaa: je, mtu aliyezaliwa na kulelewa ndani ya Kanisa amempokea Kristo yeye mwenyewe, au amepokea desturi za wazazi wake tu?

Kuzaliwa na Malezi

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari, 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika ufalme wa Württemberg, kusini mwa nchi ambayo leo ni Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Katika nchi ile Ukristo wa Kilutheri ulikuwa kama hewa; mtoto alibatizwa akiwa mchanga, alifundishwa katekisimu, akapata kipaimara, na jina lake likakaa katika vitabu vya Kanisa hadi siku ya mazishi yake. Kuwa mwanakijiji na kuwa Mkristo kulikuwa karibu jambo moja. Wengi walihudhuria ibada kila Jumapili pasipo kujiuliza kwa nini wanahudhuria.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja hivi, jirani mmoja alimpiga vikali kwa kosa ambalo hakulitenda. Kipigo kile kilimletea ugonjwa uliomlaza kwa muda wa miezi sita. Akiwa kitandani, kijana huyu alianza kuyafikiri mambo ya umilele, akajizoeza kusoma Biblia na vitabu vya ibada vilivyokuwamo nyumbani. Alipopona, wakati wa mavuno aliwasimulia wavunaji habari za Agano la Kale, nao walimsikiliza kwa furaha. Neno ambalo hapo awali lilikuwa la kanisani na shuleni lilianza kuwa lake.

Dada yake ndiye aliyesaidia apelekwe shule ya mjini Tübingen. Huko alikutana na ramani ya Afrika, akashangaa kuona sehemu kubwa ya upande wa mashariki haina majina.

Swali Lililomrudia

Siku moja mkuu wa shule aliwasomea wanafunzi maandishi juu ya kueneza Injili kati ya mataifa. Krapf akavutiwa na wazo la kuwa mmisionari. Lakini wazo hilo lilimrudisha kwanza nafsini mwake. Mtu hawezi kuwapelekea wengine kile ambacho yeye mwenyewe hanacho. Ubatizo alikuwa nao, mafundisho alikuwa nayo, na darasani alikuwa hodari. Bado ilimpasa kujua kama moyo wake umegeuka.

Alisafiri kwa miguu mpaka Basel, Uswisi, kwenye nyumba ya Misioni. Kwa kuwa alikuwa bado mdogo aliambiwa aendelee na masomo, na mwaka 1827 akapokelewa kuwa mwanafunzi. Basel ilikuwa kitovu cha uamsho wa Kipietisti, mwendo uliotokea ndani ya Kanisa la Kilutheri katika karne ya 17 kwa kazi ya Philipp Jakob Spener, ambaye kitabu chake cha mwaka 1675 kiliwaita Walutheri kusoma Biblia katika vikundi, kuomba, na kuishi imani yao siku zote za juma. Wapietisti hawakuukataa ubatizo wa watoto wala sakramenti. Walichokataa ni watu kuvifanya hivyo mto wa kulalia.

Hata Basel haikumpa utulivu mara moja. Alizama katika vitabu vya watu waliotafuta njia za siri za kumjua Mungu, akaona shaka juu ya wito wake, akaondoka. Alirudi Tübingen kusoma theolojia chuo kikuu, akamaliza mwaka 1834, kisha akawa mchungaji msaidizi. Alipokuwa Wolfenhausen alihubiri kwamba dunia imefikia saa zake za mwisho, na wakuu wa Kanisa wakamtaka ajieleze. Krapf akaacha kazi. Kwa kijana wa mkulima, kuiacha mimbari ilikuwa kupoteza heshima na riziki pamoja. Akabaki mwalimu wa nyumbani katika familia ya watu. Ni katika kipindi hicho mmisionari Peter Fjellstedt, Msweden, alipomtia moyo kuurudia wito wake. Krapf akaingia katika utumishi wa Church Missionary Society (CMS), chama cha Waanglikana wa Uingereza kilichowatuma Walutheri wengi, na mwaka 1837 akaianza safari ya Ethiopia.

Ethiopia na Kaburi la Mombasa

Kuanzia mwaka 1839 hadi 1842 alikaa Shoa, katika nchi ya Mfalme Sahle Selassie. Huko alilikuta Kanisa la kale kuliko makanisa ya Ujerumani, lenye saumu nyingi, sikukuu nyingi na makuhani wengi. Krapf alilihukumu kwa ukali, akiona kwamba desturi zimeifunika Injili. Hukumu yake ilikuwa ya haraka, maana mgeni hawezi kuipima mioyo ya watu wanaofunga na kuomba kwa lugha yao. Lakini ugonjwa aliouona kule ndio ule ule alioukimbia nyumbani kwao. Alipotoka Shoa mwaka 1842 hakuruhusiwa kurudi tena.

Tarehe 7 Januari, 1844 alifika Unguja. Sayyid Said bin Sultan alimpokea vizuri, akampa barua kwa wakuu wa pwani ili atendewe wema. Mwezi Mei Krapf na mkewe Rosine wakahamia Mombasa. Miezi miwili baadaye homa iliwashika wote wawili. Rosine alijifungua mtoto wa kike, akafariki dunia tarehe 13 Julai, 1844. Mtoto naye akafa siku chache baadaye. Mtoto wao wa kwanza walikuwa wamekwisha kumzika njiani, katika safari ya Ethiopia. Krapf, akiwa mgonjwa mwenyewe, alimzika mkewe bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa.

Hapo imani ya kurithi isingeweza kumsimamisha. Hapakuwa na kengele wala mchungaji wa kumfariji, wala majirani wa kumtazama kama anahudhuria ibada. Alikuwa na kaburi, homa na Neno la Mungu. Aliwaandikia wakuu wake London kwamba kaburi hilo ni alama ya kuanza kwa vita vya Injili katika sehemu hii ya ulimwengu, na kwamba wakati umefika wa kuijia Afrika kutoka upande wa mashariki. Kisha akarudi mezani kwake. Mwezi Juni mwaka ule alikuwa ameanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na kazi hiyo hakuiacha.

Safari ya Kilwa na Lindi

Mwaka 1846 alifika Johannes Rebmann, Mlutheri mwenzake wa Württemberg, nao wakafungua kituo cha Rabai. Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei, 1848; Krapf aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba, 1849. Sifa za safari hizo zimewafanya wengi wasahau safari ya tatu, ambayo inawahusu watu wa kusini.

Mwezi Februari, 1850 Krapf na mwenzake Johann Jakob Erhardt waliondoka Mombasa kwa chombo kidogo, wakafuata pwani yote hadi Rasi ya Delgado. Walipita Kilwa, Lindi na Mikindani. Walitaka kujua Kiswahili kinafika wapi, na ni njia zipi za bara ambazo Injili ingeweza kuzifuata siku za usoni. Wakati huo biashara ya Kilwa ilikuwa Kilwa Kivinje, na bidhaa yake kubwa ilikuwa watu. Mapatano ya mwaka 1845 kati ya Waingereza na Sayyid Said yalizuia kupeleka watumwa nje ya himaya yake ya Afrika, lakini ndani ya himaya biashara iliendelea. Krapf aliarifiwa kwamba watumwa elfu kumi hadi elfu kumi na mbili hupita Kilwa kila mwaka, wengi wao wakitoka nchi za Ziwa Nyasa.

Hakuwa na uwezo wa kumfungua hata mmoja. Alichoweza ni kuandika habari hizo ili Ulaya izisome, na kuzitunza lugha za watu wale. Katika kitabu chake cha msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, kilichochapwa mwaka huo wa 1850, Kiyao kimewekwa pamoja na Kiswahili. Ilikuwa miaka 37 kabla ya wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin kufika Dar es Salaam mwaka 1887.

Mavuno Madogo

Kwa hesabu za wanadamu, kazi ya Krapf ilionekana kushindwa. Mtu wa kwanza kubatizwa Rabai alikuwa Mringe, mlemavu maskini, aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Lakini mtu huyo hakuwa na wazazi Wakristo wa kumpeleka kanisani, wala hakupata faida yoyote ya dunia kwa kubatizwa. Aliamini. Krapf, aliyetoka katika nchi ambamo wote walibatizwa, aliona kwa macho yake ubatizo na imani vikikutana ndani ya mtu mmoja.

Afya yake ilimlazimu kuondoka Afrika Mashariki mwaka 1853. Alirudi kwa muda mfupi mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe, kisha akaishi Korntal, kijiji cha Wapietisti karibu na Stuttgart. Huko aliendelea na kamusi yake ya Kiswahili. Tarehe 26 Novemba, 1881 alikutwa amefariki dunia, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi ilichapishwa London mwaka 1882.

Urithi Wake

Mtu huyu alianza maisha yake kanisani kwa sababu kijiji kizima kilikuwa kanisani, na akayamaliza akiomba chumbani mwake pasipo mtu wa kumwona. Kati ya mwanzo ule na mwisho ule iko njia ambayo hakuna mzazi awezaye kuipita kwa niaba ya mwanawe.

Waanzilishi wa sharika za pwani ya kusini walijiunga na Kanisa kwa gharama, wakiwa wachache kati ya jirani zao. Watoto na wajukuu wao wamezaliwa wakikuta jengo, kwaya, vitenge vya sikukuu na majina yao katika daftari la usharika. Hayo ni mema, nayo ni matunda ya machozi ya waliotangulia. Hata hivyo, daftari la usharika linaweza kurithiwa, imani hairithiwi. Kila kizazi hupiga magoti kwa magoti yake chenyewe. Bwana aliyemwita kijana wa Derendingen katika kitanda chake cha ugonjwa na awaite wana wa Kilwa na Lindi mmoja mmoja, kwa jina, ili miaka mia moja ijayo iwakute wakiwa hai katika Kristo.