Theodor Kocher: Bingwa wa rovu aliyefunzwa na wagonjwa wake

DAKTARI wa upasuaji Theodor Kocher alikuwa tayari amejijengea sifa kubwa alipogundua kwamba wengi kati ya wagonjwa aliodhani amewaponya walikuwa wakidhoofika.

Alizaliwa Agosti 25, 1841 mjini Bern, Uswisi, na kuteuliwa profesa wa upasuaji huko mnamo 1872. Enzi hizo wakazi wa milima ya Alps walisumbuliwa mno na rovu, yaani uvimbe wa tezi ya thairoidi iliyo mbele ya shingo, kwa sababu chakula chao kilikuwa na upungufu wa madini ya ayodini.

Upasuaji wa rovu uliogopwa kwa kuwa wagonjwa wengi walivuja damu hadi kufa. Kocher alifanya kazi polepole na kwa usafi, akiifunga mishipa ya damu mmoja baada ya mwingine, na vifo vikapungua sana. Hata hivyo, kazi ya tezi hiyo mwilini ilikuwa haijafahamika, hivyo baadhi ya wagonjwa aliwaondolea yote.

Miongoni mwao alikuwa msichana wa miaka 11 aliyepasuliwa mnamo 1874. Baadaye daktari wa kwao aliarifu kwamba mtoto huyo amebadilika. Mnamo 1882, Jacques-Louis Reverdin wa Geneva naye alimdokezea Kocher kuwa ameona mabadiliko kama hayo. Kocher akawaita wagonjwa wake wa zamani.

Kati ya 18 aliowakagua ambao hawakubakishiwa tezi, 16 walikuwa na dalili zilizofanana: uchovu usioisha, kuhisi baridi, uso na mikono kuvimba, ngozi kukauka, nywele kunyonyoka, usemi na fikra kuwa vya taratibu. Yule msichana alikuwa amedumaa, na mdogo wake amempita kwa kimo.

Kocher hakuficha. Mnamo 1883 alitangaza matokeo hayo mbele ya wapasuaji wenzake mjini Berlin, na tangu hapo akajitahidi kubakisha sehemu ya tezi.

Mnamo 1891 Mwingereza George Murray alimtibu mgonjwa kwa kumdunga maji yaliyokamuliwa kutoka tezi ya kondoo. Kocher alitunukiwa Tuzo ya Nobel mnamo 1909, akafariki Julai 27, 1917.

Siku hizi kipimo cha damu huthibitisha upungufu huo, na tembe za homoni huutibu. Lakini dalili zingali zinanyemelea polepole, na mara nyingi hudhaniwa kuwa uzee au uvivu.