HABARI ZA WILLIAM HERSCHEL, MPIGA KINANDA ALIYEGUNDUA SAYARI

Iko methali tuliyoisikia tangu madarasa ya chini: Samaki mkunje angali mbichi. Maana yake twaijua sote, kwamba mtu hufunzwa akiwa mdogo, na akisha kukomaa hakunjiki tena. Methali hii ni ya kweli kwa mambo mengi, wala sikusudii kuwapinga wazee. Lakini nimesoma habari za mtu mmoja aliyekunjika akiwa amekwisha kukauka, tena alijikunja mwenyewe, bila mwalimu, katika saa za usiku baada ya kazi. Mtu huyo ni William Herschel. Nimeona vyema niwasimulie wasomaji wa gazeti letu maisha yake, kwa sababu sisi wa kidato cha nne tunakaribia kuagana na shule, na wengi wetu tunadhani kwamba siku ya kutoka langoni ndiyo siku ya mwisho ya kujifunza jambo jipya.

Herschel alizaliwa tarehe 15 Novemba, 1738, katika mji wa Hanover, Ujerumani. Baba yake, Isaac, alikuwa mpiga zumari katika bendi ya askari, na watoto wake aliwafundisha muziki mapema sana. Hapa methali yetu ilifanya kazi yake barabara, maana William alikunjwa mbichi akawa mwanamuziki. Alipokuwa na umri wa miaka 14 aliingia katika bendi ile ile ya baba yake. Mnamo mwaka 1757 vita vilipoifikia Hanover, na Wafaransa wakaiteka nchi, kijana huyo alivuka bahari akaenda Uingereza. Alifika huko hana mali yoyote ila vidole vyake na masikio yake. Alianza kwa kunakili karatasi za muziki ili apate chakula, kisha akafundisha na kupiga vyombo katika miji ya kaskazini. Mwaka 1766 alipata kazi ya kupiga kinanda katika kanisa moja la mji wa Bath, mji wenye chemchemi za maji ya moto, ambako matajiri walikuwa wakienda kuoga na kustarehe.

Huko Bath mambo yake yalinyooka. Alifundisha wanafunzi wengi, akaongoza waimbaji, akatunga muziki. Katika maisha yake alitunga simfoni 24. Kwa hiyo tusidhani kwamba alikuwa mtu mvivu aliyekosa la kufanya. Zilikuwako juma ambazo alifundisha masomo zaidi ya 30, nyumba hadi nyumba. Hata hivyo, jioni akirudi kwake amechoka, moyo wake ulitaka kitu kingine, kisicholipwa na mtu wala kuamrishwa na mtu. Kitu cha namna hiyo ndicho tunachokiita uraibu.

Uraibu wenyewe ulimjia kwa njia ya ajabu. Alitaka kuelewa kanuni za sauti, akasoma kitabu cha muziki cha Robert Smith. Akaona kwamba mwandishi huyo huyo ametunga kitabu kingine, kuhusu nuru na vioo, akakisoma nacho. Humo mlikuwa na maelezo ya jinsi ya kutengeneza darubini. Basi, mnamo mwaka 1773, alipokuwa na umri wa miaka 34, alinunua kitabu cha elimu ya nyota, akakodi darubini ndogo, akaitazama mbingu. Tangu usiku huo hakuwa tena mtu yule yule.

Darubini ya kukodi haikumtosheleza, nayo darubini kubwa ilikuwa na bei asiyoiweza. Ikatokea kwamba katika mji ule ule alikuwako mtu aliyekuwa akisugua vioo vya darubini kwa kujifurahisha, naye alikuwa amechoka na mchezo huo. Herschel alinunua vyombo vyake vyote. Hivyo uraibu wa mtu mmoja ulikufa na uraibu wa mwingine ukazaliwa kwa vyombo vile vile.

Kioo cha darubini wakati huo hakikuwa cha bilauri kama kioo cha kujitazamia. Kilikuwa cha madini, mchanganyiko wa shaba na bati, uliyeyushwa, ukamiminwa katika kalibu, kisha ukasuguliwa mpaka ung'ae na kubonyea kidogo kwa kipimo halisi. Ukikosea hata kwa unene mdogo kuliko unywele, nyota huonekana kama doa la mafuta. Tena usuguaji wa mwisho haukubali kukatizwa, kwani mkono ukiondoka kioo huharibika. Siku moja Herschel alisugua kwa saa 16 bila kuondoa mikono yake.

Sasa ni lazima nimtaje mtu mwingine, kwa kuwa bila yeye habari hii ingekuwa nusu. Herschel alikuwa na dada, jina lake Caroline, aliyezaliwa mwaka 1750. Utotoni alipatwa na homa kali iliyomzuia kukua, akabaki na kimo kifupi sana. Mama yao hakutaka asome mambo mengi, alitaka abaki jikoni. Mwaka 1772 William alikwenda Hanover akamchukua, na ili mama yao akubali ilibidi kaka huyo amtolee fedha za kuajiri mtumishi badala ya binti yake. Nia ya safari ilikuwa kumfundisha Caroline kuimba. Alijifunza vizuri mno, akasimama mbele za watu akaimba nyimbo kubwa, hata akaalikwa kuimba katika mji mwingine. Alikataa, kwa kuwa hakutaka kuimba chini ya kiongozi mwingine ila kaka yake.

Lakini kaka yake alikuwa tayari ametekwa na nyota. Nyumba yao iligeuka karakana. Sebuleni fundi seremala alikuwa akiunda bomba la darubini, na katika chumba cha kulala ndugu yao Alexander aliweka mashine ya kukerezea. Siku ya kusugua kioo, Caroline alimlisha William kwa mkono, tonge kwa tonge, akamsomea vitabu asichoke, zikiwemo hadithi za Alfu Lela Ulela ambazo sisi pia tunazo kwa Kiswahili. Kalibu ya kioo ilipotakiwa, ilitengenezwa kwa samadi ya farasi, na Caroline ndiye aliyeitwanga katika kinu na kuichekecha. Sauti yake ya kuimba ilikosa nafasi ya mazoezi. Mimi nilipofika hapa niliweka kitabu chini nikafikiri kidogo. Uraibu wa mtu mmoja mara nyingi hulipiwa na mtu mwingine wa nyumba hiyo, naye hatajwi.

Hebu tuendelee. Tangu mwaka 1774 Herschel aliandika katika daftari kila alichokiona angani. Miaka saba alitazama. Hata usiku wa tarehe 13 Machi, 1781, kati ya saa nne na saa tano, akiwa katika bustani ya nyuma ya nyumba yake na darubini ya futi saba aliyoitengeneza mwenyewe, aliona katika kundi la nyota liitwalo Mapacha nyota moja isiyofanana na wenzake. Nyota ya kweli, hata ukiikuza mara nyingi, hubaki nukta. Hii ilipokuzwa ilizidi kuwa pana kama kisahani. Baada ya siku nne akaitazama tena, akakuta imesogea. Yeye alidhani ni nyota yenye mkia, akapeleka habari kwa wataalamu. Wataalamu walipopiga hesabu ya njia yake walikuta kwamba inalizunguka jua karibu katika duara, mbali mara mbili ya Zohali. Ilikuwa sayari mpya.

Wasomaji wapimeni jambo hili. Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali zilijulikana tangu enzi za kale, kwa kuwa mtu huziona kwa macho matupu. Katika historia yote iliyoandikwa hapakuwa na mtu aliyeongeza nyingine, mpaka alipokuja mpiga kinanda huyu. Tena wako wataalamu waliokwisha kuiona sayari hiyo kabla yake. Mwingereza Flamsteed aliiandika katika orodha yake mwaka 1690, akidhani ni nyota ya kawaida. Tofauti ilikuwa nini? Herschel alikuwa na kioo bora, na kioo kilikuwa bora kwa sababu alikisugua mtu aliyependa kusugua.

Herschel aliipa sayari jina la Mfalme George wa Tatu, lakini jina lililodumu ni Uranus, lililopendekezwa na mtaalamu wa Kijerumani, Bode. Mwaka 1782 mfalme alimpa mshahara wa paundi 200 kwa mwaka ili aache kufundisha muziki. Fedha hizo zilikuwa pungufu ya alizokuwa akizipata kwa kinanda, lakini alizipokea, akaongeza kipato chake kwa kuuza darubini. Hivyo akiwa na umri wa miaka 43 aliacha kazi yake ya tangu utotoni, na uraibu wake ukawa kazi.

Si kila alilolifanya lilifaulu. Mwaka ule ule wa 1781 alijaribu kuyeyusha kioo kikubwa katika chumba cha chini cha nyumba yake. Cha kwanza kilipasuka kikipoa. Mara ya pili tanuri lilivuja, madini ya moto yakamwagika sakafuni, mawe ya sakafu yakaruka huku na huku, na watu wote wakakimbia kuokoa roho zao. Katika fikira pia alikosea mara nyingine, kwa mfano aliamini kwamba juani huishi viumbe. Lakini aliyoyapata ni mengi kuliko aliyoyakosa. Aligundua miezi miwili ya Uranus mwaka 1787 na miezi miwili ya Zohali mwaka 1789. Aliorodhesha mawingu ya nyota karibu 2,500. Mwaka 1800, akipima joto la rangi za jua kwa kipimajoto, aligundua kwamba iko miali mingine isiyoonekana kwa jicho, ng'ambo ya rangi nyekundu.

Na Caroline je? Usiku William alipotazama, yeye alikaa na taa na saa akiandika kila alichotajiwa. Usiku wa tarehe 31 Desemba, 1783, akikimbia gizani katika theluji, alianguka juu ya kulabu ya chuma akajeruhiwa vibaya mguuni. Lakini naye alipewa darubini yake ndogo, na tarehe 1 Agosti, 1786, kaka yake akiwa safarini, aligundua nyota yenye mkia. Kwa jumla aligundua nane. Mwaka 1787 mfalme alimpangia mshahara wa paundi 50 kwa mwaka, akalipwa kwa kazi ya elimu yeye mwanamke, jambo lililokuwa geni kabisa siku zile. Alipoteza muziki kwa ajili ya uraibu wa mwenzake, lakini mwishowe uraibu huo ukawa wake pia. Kama alipewa haki yake yote, sijui. Ninalojua ni kwamba hakukaa chini akanung'unika mpaka mwisho. Mwaka 1828 Chama cha Elimu ya Nyota cha London kilimpa nishani ya dhahabu. Alifariki Hanover tarehe 9 Januari, 1848, akiwa na umri wa miaka 97.

William alioa mwaka 1788, akapata mtoto mmoja, John, aliyekuwa mtaalamu mkubwa. John alikuja mpaka kusini ya bara letu la Afrika, katika Rasi ya Tumaini Jema, akakaa kuanzia 1834 hadi 1838, akaendeleza kazi ya baba yake kwa kuzitazama nyota za kusini ambazo Uingereza hazionekani. Baba mwenyewe alikuwa amefariki tarehe 25 Agosti, 1822. Uranus huchukua miaka 84 kulizunguka jua mara moja, na mtu aliyeigundua aliishi miezi michache tu pungufu ya miaka hiyo.

Basi, ndugu zangu wanafunzi, tunaona watu wazima wengi ambao jioni zao hupita bure, na wengine wakistaafu huwa kama jahazi lililopwelewa. Wakiulizwa, husema umri umekwenda. Herschel hakusema hivyo. Hakungoja apate fedha, wala nafasi, wala mwalimu. Alianza na kitabu kimoja na darubini ya kukodi, katika umri ambao wengi huhesabu kwamba mambo yao yamekwisha kupangwa. Nasi tukitoka hapa, wengine watapata kazi wazipendazo na wengine hawatazipata. Kila mmoja ajitafutie kitu cha kufanya jioni, akishike kwa bidii, na amtazame vilevile yule anayemtwangia kinuni. Samaki mbichi ni rahisi kumkunja, kweli. Lakini mkavu naye, akilowekwa katika jambo analolipenda, hukunjika.