Isaac Newton: Hakimu wa Kesi Yake Mwenyewe

Mwalimu wa shule ya msingi afikapo kwenye somo la kani ya mvutano, hamsahau Isaac Newton na tufaha lake. Hadithi hiyo ina manufaa yake. Lakini iko sura nyingine ya maisha ya bwana huyu ambayo vitabu vya darasani huiruka, nayo yamhusu sana mwanachuo ambaye kesho atashika kalamu nyekundu kusahihisha kazi za watoto, na huenda mmoja wao akawa mwanawe. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Newton alizaliwa siku ya Krismasi mwaka 1642, kwa kalenda ya Uingereza ya wakati ule, katika kijiji cha Woolsthorpe. Baba yake alikuwa amefariki miezi mitatu kabla. Mama alipoolewa tena, mtoto aliachwa kwa bibi yake. Mwaka 1661 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge, na tauni ilipokifunga chuo mwaka 1665 akarudi kijijini. Katika kipindi hicho ndipo alipobuni misingi ya kalkulasi, yaani hesabu ya vitu vinavyobadilika bila kukoma, kama mwendo wa jiwe linaloanguka. Ajabu ni kwamba hakuitangaza. Mwaka 1669 aliandika mswada mfupi, rafiki zake wachache wakausoma, kisha ukakaa hadi mwaka 1711 ndipo ukapigwa chapa. Miaka 42! Mbegu ya ugomvi ilikuwa katika ukimya huo.

Maana huko Ulaya bara Mjerumani Gottfried Leibniz aliifikia kalkulasi kwa njia yake mwenyewe mwaka 1675, akaichapisha mwaka 1684 katika jarida la Acta Eruditorum la Leipzig. Mwaka 1705 jarida lilo hilo lilitoa uhakiki wa kitabu cha Newton, usio na jina la mwandishi, uliodokeza kwamba Newton alikuwa akifuata nyayo za Leibniz. Mwandishi wa uhakiki huo alikuwa Leibniz. Basi msomaji asidhani kwamba hila ilikuwa upande mmoja tu.

Wafuasi wa Newton nao wakamshutumu Leibniz kwa wizi. Mwaka 1711 Leibniz, aliyekuwa mwanachama wa Chama cha Kifalme cha Sayansi cha London tangu mwaka 1673, alikiandikia chama hicho kulalamika. Rais wa chama tangu mwaka 1703 alikuwa nani? Newton. Machi 1712 iliundwa kamati ya uchunguzi, na miongoni mwa wajumbe alikuwamo Edmond Halley, rafiki wa rais. Wajumbe wengine waliongezwa juma moja tu kabla ya kazi kwisha. Aprili 24 ripoti ikasomwa, ikampa Newton ushindi. Leibniz hakuitwa kujieleza. Ripoti ilitolewa kitabuni pamoja na barua za zamani mwanzoni mwa mwaka 1713, na majina ya wajumbe hayakuchapishwa. Aliyeiandika, kwa sehemu kubwa, alikuwa rais mwenyewe. Mwaka 1715 jarida la chama, Philosophical Transactions, likachapisha uhakiki wa kitabu hicho uliojaza karibu toleo zima, nao haukuwa na jina. Huo pia ulikuwa wa Newton.

Jambo gumu ni hili: Newton kweli ndiye aliyetangulia, kwa miaka kama kumi. Kamati ya watu wasiomjua ingeweza kuliona hilo katika karatasi. Lakini ndani ya hukumu ile ile alimtia Leibniz doa la wizi, ambalo wanahistoria wa leo hawalikubali. Ukweli na uzushi vilifungwa katika furushi moja. Wanahisabati wa Uingereza wakang'ang'ania alama za Newton kwa karne nzima, wakaachwa nyuma na wenzao wa bara, hata mwaka 1812 vijana wa Cambridge walipoanzisha chama cha kuleta alama za Leibniz.

Nimepata kuwapa wanachuo wangu mkasa huu bila majina. Wote walimlaumu rais. Nilipowaambia kwamba kweli ndiye aliyetangulia, baadhi yao wakaanza kumtetea, na mjadala ukapamba moto. Mmoja aliuliza nani basi angehukumu, ikiwa walioielewa hesabu hiyo mjini London walikuwa wachache na wote wanafahamiana. Swali zuri, nalo linawasumbua wahariri wa majarida mpaka leo. Wajuzi ni haohao. Hata hivyo rais angeweza kuondoka kitini, kumsikiliza mwenziwe, na kuliweka jina lake juu ya maandishi yake. Majarida mengi sasa humtaka mwandishi ataje aliyemlipa, na mhariri huwaachia wengine uamuzi juu ya makala yake mwenyewe.

Leibniz alifariki Hannover Novemba 1716, ugomvi haujaisha. Mwaka 1722 Newton alikitoa kitabu kile upya, kikiwa na dibaji isiyo na jina. Alifariki Machi 1727 akazikwa Westminster Abbey kwa heshima kubwa. Ilipofika karne ya 19 mwanahisabati Augustus De Morgan alianza kuifukua habari ya kamati ile, na rasimu za ripoti zilizohifadhiwa zimo katika mwandiko wa Newton.