Lengo moja la Mwana Kupona

Sisi tuliorejea Chula, na wenzetu wanaochuuza mpakani, vichwa vimejaa: deni, mzigo, chombo, watoto walio mbali. Jua linatua hatujamaliza lolote. Nikielemewa hivyo, humkumbuka Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, kusini mwetu.

Yeye alikuwa na mengi zaidi ya kumlemea. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyempinga Seyyid Said wa Unguja, alifariki mwaka 1856. Kisha mjane huyu akaugua muda mrefu. Vita, msiba na maradhi, yote aliyaweka kando. Akashika lengo moja: kumwachia wasia bintiye, Mwana Hashima.

Mwaka 1858 aliutunga utendi wake, beti zaidi ya mia, kwa mpango: kwanza dini, pili adabu, tatu ukweli, kisha mambo ya mume na nyumba. Hakuishi miaka mingi baada ya hapo, lakini kazi aliiwahi, na hadi leo inasomwa.

Ndugu msomaji, kabla hujapakia mzigo kesho, chagua jambo moja lisiloweza kungoja. Liandike, ulianze. Mengine yangoje zamu yake.