Mwacha Asili ni Mtumwa

Kila nipitapo Kibugu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Embu, macho yangu hupokewa na chai, kahawa, na safu za mikalitusi na migrevilea, miti yenye asili ya Australia. Mikuyu na miringaringa ni ya kuhesabu. Hapo humkumbuka Richard St. Barbe Baker.

Bwana huyu alizaliwa Uingereza mwaka 1889, akasomea taaluma ya misitu Cambridge, na mwaka 1920 akaja Kenya kuwa msaidizi wa mhifadhi wa misitu. Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, ile ile iliyowafungia wananchi misitu yao, hilo tusilifiche. Hata hivyo, alitambua kwamba msitu hauokolewi kwa amri. Alipoona Wakikuyu wana ngoma za kupanda na za kuvuna, alishauriana na wazee, na mwaka 1922 ikachezwa ngoma ya miti. Pamoja na Chifu Josiah Njonjo alianzisha chama cha vijana walioahidi kuilinda miti na kupanda kumi kila mwaka. Chama hicho kiliitwa Watu wa Miti. Mimi mwanaisimu hufurahi kwamba jina la Kiswahili ndilo lililotangulia. La Kiingereza lilifuata London mwaka 1924. Baker alizunguka dunia akihimiza upandaji hadi alipofariki Kanada mwaka 1982.

Je, sisi tumerithi nini? Tumerithi hesabu ya miche, tukasahau aina yake. Mkalitusi hukua upesi na hutupatia nguzo na kuni, lakini hauna tunda la kumlisha ndege. Mkuyu huwalisha hondohondo, tumbili na popo, nao huusambazia mbegu. Maua ya mringaringa huwalisha nyuki. Tena mti ukitoweka, jina lake huufuata. Niliwahi kuwaomba wanafunzi wangu wanitajie miti mitano ya kwao kwa lugha ya mama. Wengi walikwama kwenye wa tatu.

Walimu wenzangu, kila shule na itenge pembe moja ya uwanja wake. Wanafunzi wawaulize mababu zao majina ya miti, waokote mbegu, waziotesha na kuitunza miche hadi ndege warejee. Hilo litakuwa somo la sayansi na la lugha kwa pamoja. Wahenga hawakukosea: mwacha asili ni mtumwa.