Maisha ya Bibi Florence Nightingale

Bibi Florence Nightingale alizaliwa tarehe 12 Mei, 1820, katika mji wa Florence, Italia, akapewa jina la mji huo. Wazazi wake, Waingereza wenye mali, hawakupenda awe mwuguzi, kwa kuwa siku zile kazi hiyo ilidharauliwa. Lakini hakurudi nyuma. Mwaka 1854 aliwaongoza wauguzi 38 kwenda Uturuki kuwatunza majeruhi wa vita vya Krimea, na hapo jina lake likavuma.

Kazi yake nyingine haisimuliwi sana. Mwaka 1861 tajiri wa Liverpool, William Rathbone, alimwomba shauri. Mwuguzi aliyemtunza marehemu mkewe alikuwa akiwaendea maskini majumbani mwao, na faida ilionekana. Basi walihitajika wengine wenye mafunzo. Bibi huyu aliamini kwamba mahali pema pa kumwuguza mgonjwa ni nyumbani kwake. Kwa shauri lake chuo kilianzishwa, na wauguzi wakagawiwa mitaa.

Yeye mwenyewe aliugua miaka mingi, akifanya kazi kitandani. Uzeeni macho yake yalipofuka, akatunzwa nyumbani mwake London hata alipofariki tarehe 13 Agosti, 1910.

Wazee wetu, kutoka Longech hadi hospitali ya Lodwar ni mbali. Kipofu na mkongwe hawawezi kuifuata. Basi mwuguzi apitaye mchangani boma hadi boma anastahili heshima yetu, maji ya kunywa, na kijana wa kumwonyesha njia.