Habari za Maisha ya Johannes Rebmann wa Rabai

Wengi wetu tumelisikia jina la Johannes Rebmann kwa ajili ya theluji ya Kilimanjaro. Watoto hujifunza jina hilo shuleni pamoja na tarehe yake, kisha husahau yote mawili. Mwezi huu twaleta habari zake kwa sababu nyingine. Mtu huyu alikhitilafiana na watu wawili, mmoja wa mbali sana, na mwingine aliyekula naye sahani moja. Na jinsi alivyochukuliana na kila mmoja yafaa ijulikane na watu wenye kazi ya pamoja, kama sisi.

Alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, karibu na Stuttgart, katika nchi ya Württemberg huko Ujerumani. Akasoma katika chuo cha Misioni cha Basel, Uswisi, kisha akapokelewa na chama cha CMS cha Uingereza, ambacho siku zile kiliwatuma Walutheri wengi wa Ujerumani. Hata Juni 1846 akafika Mombasa. Hapo alimkuta Johann Ludwig Krapf, mtu wa Württemberg vile vile, aliyemzidi umri kwa miaka kumi. Krapf alikuwa amekwisha kumzika mkewe na mtoto wao mchanga katika pwani ile mwaka 1844.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule wa 1846 wawili hao walipanda kwenda Rabai, kwa Wamijikenda, walioitwa Wanyika siku zile, ili kuanza kituo. Wote wawili walikuwa na homa. Walikuwa na punda mmoja tu, wakampanda kwa zamu. Twaomba msomaji aukumbuke mwendo ule atakaposoma habari zilizo mbele.

Tarehe 27 Aprili 1848 Rebmann alitoka Rabai kwenda Uchaga, akiongozwa na Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia za misafara. Hakuchukua bunduki, alichukua mwavuli wake. Tarehe 11 Mei aliona kitu cheupe juu ya mlima. Alimwuliza kiongozi wake jina la kitu kile, naye hakulijua, alisema tu kwamba ni baridi. Rebmann, aliyeizoea theluji tangu utoto, akaitambua mara moja. Katika safari ya pili, iliyoanza Novemba mwaka ule, aliwauliza Wachaga wenyewe. Wakamwambia kwamba wao huita Kibo, na kwamba kitu kile king'aacho kama fedha kilipoteremshwa katika chupa kilikuwa maji matupu.

Habari hizi zilipochapwa Uingereza mwaka 1849, mtaalamu mmoja wa jiografia huko London, William Desborough Cooley, alizikataa kabisa. Mtu huyu hakuwahi kukanyaga Afrika, walakini alikuwa amesoma vitabu vyote vilivyoihusu na kuwahoji wasafiri, na katika elimu hiyo wachache walimzidi. Alishika neno moja, kwamba chini ya jua kali namna ile theluji haiwezi kukaa, na kwamba macho ya mmisionari yalidanganyika. Wengine wakamfuata.

Basi Rebmann alikuwa na njia mbili zilizo rahisi. Angeweza kuyapunguza maneno yake, aseme labda ni mawe meupe. Au angeweza kupanda meli aende London kupigana na mtu yule mbele ya mkutano wa wataalamu. Hakufanya hata moja. Aliyaacha maandiko yake kama yalivyo, pamoja na ushuhuda wa Wachaga aliokuwa ameukusanya kabla mtu hajambishia. Ushuhuda ule ndio uliokuwa na nguvu. Mwenye kusema nimeona, kisha akawauliza wenyeji wa mahali nao wakasema lile lile, hana haja ya kupaza sauti. Mwaka 1862 Baron von der Decken na Otto Kersten walipanda mlima ule hata kupita mita 4,000, wakaangukiwa na theluji. Hata hapo Cooley alikuwa angali akibisha.

Lakini tusimfanye Rebmann kuwa mtu asiyekosea. Yeye na mwenziwe Jakob Erhardt walichora ramani, iliyofika Ulaya mwaka 1855, yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya bara. Ziwa la namna hiyo halipo. Walikuwa wamesikia habari za Nyasa, za Tanganyika na za Nyanza, wakaziunganisha zote. Wasafiri Burton na Speke walifika Rabai mwaka 1857 kabla ya kwenda kuyatafuta maji yale, wakaonyesha baadaye kwamba ni maziwa mbalimbali. Aliyekuwa sahihi kwa habari ya theluji alikosea kwa habari ya ziwa, kwa kuwa la kwanza aliliona na la pili alilisikia.

Khitilafu ya pili ilikuwa nzito zaidi, maana ilikuwa nyumbani. Krapf alikuwa na shauri kubwa: kuweka vituo vya Injili mfululizo kama mnyororo, kutoka bahari ya mashariki hata bahari ya magharibi. Rebmann naye hapo kwanza alitaka kusonga mbele. Mwaka 1849 alikwenda Uchaga mara ya tatu, akinuia kufika Unyamwezi, lakini huko Machame Mangi Mamkinga alimwomba zawadi juu ya zawadi hata akawa hana kitu cha kusafiria, akarudi mgonjwa katika mvua. Pengine ndipo nia yake ilipogeuka. Tangu hapo alizidi kuona kwamba yafaa kukaa mahali pamoja, kujenga nyumba, kulima, kujifunza lugha, na kuwangoja watu. Krapf aliporudi kutoka Ulaya mwaka 1851 na shauri lake la mnyororo, hawakuwa na nia moja tena.

Sisi tunaitunza mitaa tunajua maneno kama haya yanavyouma. Tumeona wazee wa kanisa wakinyimana salamu mwaka mzima kwa sababu ya mahali pa kujenga darasa, na kila mmoja alikuwa na haki kidogo. Wawili hawa hawakumaliza khitilafu yao. Hakuna aliyemshinda mwenziwe. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa udhaifu wa mwili, Rebmann akabaki. Kila mmoja alifanya kazi aliyoiamini, na hakuna aliyeiharibu ya mwenziwe.

Rebmann alikaa miaka 29 pasipo kwenda kwao hata mara moja. Mkewe Emma alifariki Rabai mwaka 1866. Waliobatizwa walikuwa wachache, miongoni mwao Abe Gunja na mwanawe Nyondo, na wako waliosema kwamba mzee amejifungia na vitabu vyake. Hatuwezi kusema kwamba walikosea kabisa. Lakini katika kujifungia kule aliyasikiliza maneno ya Salimini, mtu wa Nyasa aliyeletwa Mombasa katika utumwa, akakusanya kutoka kinywani mwake kamusi ya Kinyasa. Aliandika kwa miaka mingi, hata macho yakamwishia.

Mwaka 1875 alirudi Ulaya akiwa kipofu, akishikwa mkono na Isaac Nyondo. Alikwenda kukaa Korntal, karibu na Stuttgart, mahali alipokaa Krapf. Hivyo wakawa jirani tena, baada ya miaka zaidi ya ishirini. Tarehe 4 Oktoba 1876 Rebmann akafariki.

Maandiko yake ya Kinyasa yalibaki bila kuchapwa. Krapf, naye amekwisha kuwa mzee, ayatwae, ayapange, ayasahihishe, kazi ya kuchosha ya ule ule utulivu wa mezani ambao yeye zamani hakuupenda. Kitabu kilitoka mwaka 1877. Jina la Rebmann liliwekwa kama mwandishi, na la Krapf kama mtengenezaji tu.